UZI: Hivi neno "gereza" kweli lilianza likiwa "kanisa"? Wajuzi wa historia karibuni

#1 Mwalimu wa Zamu (Tukuyu)

Habari za jioni wakuu.

Juzi nilikuwa na kidato cha pili, mada ya Wareno pwani ya Afrika Mashariki. Mada hii tunaipitia kila mwaka kwa mistari ileile: Vasco da Gama 1498, Kilwa na Mombasa kupigwa 1505, Ngome Yesu kuanza kujengwa 1593, Wareno kutolewa Mombasa 1698, halafu "athari": mahindi, muhogo na maneno ya Kireno. Nikayapanga ubaoni. Meza, bendera, leso, karata, kasha, mvinyo, padri, gereza. Pembeni nikaweka neno la asili la kila moja. Kwenye gereza nikaandika "igreja, yaani kanisa".

Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, meza ilikuwa meza na imebaki meza. Bendera imebaki bendera. Kanisa kwa nini liwe gereza?"

Nikamjibu kwamba maana za maneno hubadilika. Akakaa, lakini nikaona usoni kwake kwamba sijamjibu kitu, na mimi mwenyewe nilijua sijamjibu. Toka siku hiyo sina raha.

Ilikuwaje? Neno lilibadilikia wapi, na mikononi mwa nani? Na kama kuna anayeona asili hiyo si ya kweli, aje na hoja.

#2 Mnyalu wa Kihesa (Iringa)

Nimevuta kigoda. Huyo binti apewe daftari jipya.

#3 Kipanya wa Mwanjelwa (Mbeya)

Jibu ni jepesi mwalimu. Waingereza waliifanya Ngome Yesu ya Mombasa kuwa jela ya serikali kuanzia 1895 mpaka 1958. Wenyeji walikuwa wakiiita ile ngome "gereza" kwa sababu ya kanisa la Wareno lililokuwemo ndani. Wafungwa walipoanza kupelekwa pale, mtu akawa anasema "fulani kapelekwa gereza". Basi, jina la jengo likageuka jina la adhabu. Uzi ufungwe.

#4 Mama Parachichi (Njombe)

Kipanya, usifunge duka asubuhi. Tarehe zako ni sahihi ila hazibebi hoja yako. Ngome Kongwe ya Unguja ilikuwa inafungia watu ndani ya karne ya 19, kabla Mwingereza hajaingiza mfungwa hata mmoja kwenye Ngome Yesu.

Na Unguja hadithi imenyooka kuliko hiyo yako. Wareno walikuwa na kanisa lao pale mbele ya bahari. Waomani walipowatoa Wareno, wakajenga ngome juu ya kiwanja kilekile. Baadaye ngome ikawa jela. Kanisa, ngome, jela, vyote kiwanja kimoja. Nilipotembelea pale, aliyetuongoza alitupeleka uani akatuonyesha sehemu ya ukuta ambayo ni mabaki ya kanisa. Niliuwekea kiganja ule ukuta. Mawe ya matumbawe yanakwaruza, na chokaa inabaki vidoleni kama unga wa dona.

Kwa hiyo binti wa mwalimu akiuliza wapi, mimi namwambia Unguja.

#5 Kipanya wa Mwanjelwa (Mbeya)

Nimekubali hilo la 1895, mama, umenipiga. Lakini Unguja kwa Wareno ilikuwa kituo kidogo. Makao yao pwani yetu yalikuwa Mombasa, nahodha mkuu alikaa Mombasa, askari na mapadri walijaa Mombasa. Neno linaenea kutoka penye watu wengi. Mwaka 1895 nimeuachia, Mombasa siiachii.

#6 Msafiri wa Peramiho (Songea)

Mnagombania Mombasa na Unguja kana kwamba Kilwa haipo kwenye ramani.

Kilwa Kisiwani lile jengo la ufukweni linaitwa Gereza hadi leo, ndilo jina lake. Ukishuka kwenye boti kutoka Kilwa Masoko, ndilo jengo la kwanza kukupokea. Francisco de Almeida alijenga ngome pale 1505 baada ya kuupiga mji, Wareno wakaihama 1512. Jengo linaloonekana sasa kwa sehemu kubwa ni la Waomani, lakini limekalia pale pale penye ngome ya Wareno. Na mwenyeji akikuelekeza anasema "pita pale Gereza" bila kuwaza pingu wala wafungwa. Anasema jengo.

Kama neno lilianzia mahali, pa kwanza kuangalia ni pale Mreno alipojenga kwanza.

#7 Mama Parachichi (Njombe)

Msafiri, miaka saba tu! Neno linaweza kuota mizizi kwa miaka saba, tena katikati ya watu waliochomewa mji? Naona ni rahisi zaidi kwamba Waomani na Waswahili wa baadaye walikuja na neno ambalo tayari lilikuwa na maana ya ngome, wakalibandika pale.

Ila umenifungua kitu kimoja. Kilwa inaonyesha daraja la katikati. Gereza hapo ni ngome, si kanisa na si jela. Safari ilikuwa ya hatua mbili, na sisi tulikuwa tunaruka hatua.

#8 Mwalimu wa Zamu (Tukuyu)

Ndaga fijo, asanteni sana wote. Hili la hatua mbili nitakwenda nalo darasani. Ngome kuwa jela naelewa, kwa sababu ngome ina kuta nene na mlango mmoja. Hatua ya kwanza ndiyo inanisumbua. Kiswahili kilikuwa na neno lake, ngome. Kwa nini watu waliokuwa na neno "ngome" waiite ngome ya Mreno kwa jina la kanisa?

#9 Kisima cha Lugha (Mafinga)

Kabla hatujaenda mbali, mimi nina shaka na herufi zenyewe.

Irabu ya mbele kudondoka, sawa. "Gr" kuvunjwa kwa irabu ikawa "gere", sawa, Kiswahili hakipendi konsonanti mbili za namna hiyo. Hata "carta" imekuwa karata. Tatizo ni J. Kireno "caju" kwetu ni kanju, yaani korosho, na mti wake mkanju, J imebaki J. Sasa kwa nini "igreja" isiwe "gereja"? Z imetoka wapi?

Sisemi asili si Kireno. Nasema anayetaka tuamini aieleze hiyo Z.

#10 Mama Parachichi (Njombe)

Kisima, J ya Kireno haitamkwi kama J yetu. Ni sauti laini, iko kati ya Z na SH. Mswahili asiyekuwa na sauti hiyo mdomoni anachukua iliyo jirani, na Z ni jirani yake wa karibu. Kanju huenda haikutoka kinywani mwa Mreno moja kwa moja, ikazungukia India, maana kule nao wanasema "kaju" kwa J nzito. Wareno waliutoa mkorosho Brazili wakaupanda huku na India kote.

#11 Kisima cha Lugha (Mafinga)

Hiyo ya India nimeipenda, ingawa inahitaji mtu aonyeshe njia yenyewe. Nimepunguza shaka nusu, nusu nabaki nayo.

#12 Mnyalu wa Kihesa (Iringa)

Na pesa nayo ni ya Kireno, mmeisahau kwenye orodha.

#13 Kisima cha Lugha (Mafinga)

Hapana Mnyalu. Pesa ni "paisa" ya Kihindi. Rudi kwenye kigoda chako.

#14 Katekista wa Zamani (Iringa)

Kamwene wanangu. Nimesoma tangu mwanzo, naomba niseme la upande wangu.

Nimefundisha dini miaka mingi vijijini huku. Mkiangalia maneno tunayosalia, mengi ni ya Kiarabu: kanisa, msalaba, injili, roho, dhambi, nabii. Wamisionari walipofika huku juu, Wamoravian Rungwe 1891, Wabenediktini Tosamaganga na Peramiho miaka ya mwisho ya karne ile, Kiswahili walichokuja nacho kilikuwa tayari na neno "kanisa" kutoka Kiarabu. Wareno walikaa pwani karibu miaka mia mbili, na kwenye sala zetu wametuachia "padri" na vichache vingine. Jina la nyumba ya sala lilikuwa limeshakwenda kwingine. Hakuna mmisionari angesimama mbele ya Wahehe aseme "njooni Jumapili gerezani".

Nami nilikwenda gerezani Jumapili miaka kumi na moja, kuongoza ibada ya wafungwa, gereza lipi si muhimu. Tulikaa chini ya bati uani. Wao na sare zao za rangi ya machungwa, mmoja anapiga dumu la maji kama ngoma, na wanaimba sauti nne bila kitabu. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kibena, kila nikimaliza alikuwa ananisaidia kukunja kitambaa cha meza ya ibada, anakikunja pembe kwa pembe polepole mno, kwa sababu nikishakipokea lazima niondoke. Sikujua siku zile kwamba jina la mahali pale lilikuwa "kanisa". Leo nimelijua hapa, nimekaa na simu mkononi siwezi kuendelea na kazi.

#15 Mwalimu wa Zamu (Tukuyu)

Shikamoo mzee. Nitawasomea wanafunzi ujumbe wako kama ulivyo, ukiniruhusu.

#16 Katekista wa Zamani (Iringa)

Marahaba. Wasomee.

#17 Mtafiti wa Ruaha (Iringa)

Narudi kwenye swali la mwalimu pale #8, kwa nini ngome iitwe kanisa. Nina maelezo yangu na yanapitia kwa mtu mmoja: Yusuf bin Hasan wa Mombasa.

Baba yake, Sultani Hasan, aliuawa 1614 baada ya kukorofishana na Wareno. Mtoto akachukuliwa akapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno kule India. Akalelewa na mapadri wa shirika la Waagostino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akafunzwa kazi ya bahari. Akarudishwa Mombasa kuwa mfalme Mkristo juu ya raia Waislamu. Hebu mfikirieni. Mji wa baba yake, lugha ya mama yake, na kila siku anaitwa kwa jina ambalo majirani hawalitamki. Vyanzo vya Wareno vinasema alionekana akisali kwa siri kwenye kaburi la baba yake kwa desturi ya Kiislamu, na nahodha wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, akapata habari.

Tarehe 16 Agosti 1631 Yusuf aliingia Ngome Yesu na watu wake, akamuua nahodha. Siku zilizofuata Wareno na Waswahili waliobatizwa wakatakiwa waache Ukristo au wafe, na wengi waliuawa, wakiwemo mapadri. Mwaka uliofuata Waagostino walikusanya ushahidi Goa ili waliokufa watangazwe watakatifu, na hati zile ndizo zinazotupa habari nyingi za kisa hiki. Mwanahistoria Freeman-Grenville alizichapisha 1980. Yusuf aliihama ngome 1632, akaishia kuwapiga Wareno baharini. Wareno wakarudi, na 1635 nahodha Seixas de Cabreira akachonga maandishi juu ya lango ya kujisifu jinsi alivyowatiisha watu wa pwani. Maandishi yapo hadi leo.

Sasa hoja yangu. Kwa mtu wa Mombasa wa karne ya 17, ngome na kanisa havikuwa vitu viwili. Kanisa lilikuwa ndani ya kuta, kengele ililia ndani ya kuta. Anayeingia kubatizwa na anayeingia kufungwa wanapita lango moja. Jina la kimoja likawa jina la vyote.

#18 Kipanya wa Mwanjelwa (Mbeya)

Nilisema Mombasa!

#19 Mama Parachichi (Njombe)

Mtafiti, umeandika vizuri sana na sipingi kisa. Napinga mnyororo. Waagostino walikuwa na nyumba yao ya kitawa mjini Mombasa, nje ya ngome. Kanisa la ndani halikuwa kanisa pekee machoni pa watu. Kama mantiki yako ni sahihi, gereza lingebaki kuwa jina la ile nyumba ya mjini.

Na jambo la pili. Vyanzo vyote ulivyotaja vimeandikwa na upande mmoja, tena kwa kusudi la kutafuta watakatifu. Hatujui Yusuf mwenyewe alisema nini kwa Kiswahili.

#20 Mtafiti wa Ruaha (Iringa)

La vyanzo nakubali, na linaniuma. Barua za zamani kabisa za Kiswahili zinazojulikana zimetoka Kilwa, mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, na zimehifadhiwa Goa. Miaka 80 baada ya Yusuf. Sauti ya Mswahili wa 1631 akieleza ngome ile aliiitaje, hatunayo.

La nyumba ya mjini nakujibu hivi: nyumba ya mjini ilikufa na Wareno walipoondoka, ngome ikabaki imesimama. Jina linamfuata aliye hai.

#21 Mpaka wa Tunduma

Mimi historia ya pwani siijui, lakini mnanikumbusha "lupango". Huku mtaani mtu akilala polisi tunasema kalala lupango. Kwa Kibemba, majirani zetu hapa, lupango ni uzio, ua uliozungushiwa. Na boma nalo lilikuwa uzio wa miti kabla halijawa ofisi ya mkuu wa wilaya. Naona watu wakitaka kutaja kifungo wanataja ukuta. Kwa hiyo gereza kuwa jela mimi hainishangazi kabisa, kilichokuwemo ndani ya ukuta hakina uzito.

#22 Mnyalu wa Kihesa (Iringa)

Sasa umenigusa. Kalenga, Mkwawa alikuwa na Lipuli, ngome ya mawe hasa, Wajerumani wakaivunja kwa mizinga Oktoba 1894. Mbona Lipuli haikuwa jina la jela? Ni jina la heshima, hata timu ya mpira imelichukua. Kumbe inategemea ukuta ulijengwa na nani na ulikuwa unamzuia nani. Ngome yako mwenyewe huiiti jela.

#23 Mpaka wa Tunduma

Hapo Mnyalu umesema. Narudisha nusu ya maneno yangu.

#24 Kisima cha Lugha (Mafinga)

Swali la pembeni: Fumo Liyongo alifungwa, mama yake akampelekea mkate wa pumba wenye tupa ndani, akakata pingu. Wengi wanamweka Liyongo kabla ya Wareno. Basi kifungo kilikuwepo, na lazima kilikuwa na jina. Gereza lilikuja kufukuza neno gani?

#25 Mama Parachichi (Njombe)

Utenzi tunaousoma sana ni wa Muhammad Kijumwa wa 1913, hivyo maneno yake si ushahidi wa siku za Liyongo. Lakini "kifungo" ni Kibantu safi, na limebaki kwa maana ya muda anaotumikia mtu. Labda ndilo. Gereza likachukua nyumba, kifungo kikabaki na miaka.

#26 Kisima cha Lugha (Mafinga)

Hii nitalala nayo.

#27 Binti Usangu (Chimala)

Samahani kuingilia, hivi hao Wareno walifika huku kwetu?

#28 Msafiri wa Peramiho (Songea)

Karibu dada. Huko Usangu hapana. Aliyekaribia kusini yetu ni Gaspar Bocarro, 1616, alitembea kwa miguu kutoka Tete kwenye mto Zambezi hadi Kilwa, akivuka Ruvuma njiani. Mbeya aliiacha mbali kaskazini. Mahindi yao yalipanda milima hii bila wao. Neno gereza nalo vivyo hivyo, lilikuja na misafara, halafu Mjerumani, halafu Mwingereza.

#29 Mama Parachichi (Njombe)

Na viazi vya hapa Njombe?

#30 Mnyalu wa Kihesa (Iringa)

Mama, viazi fungua uzi wake, tutakuja na masufuria.

#31 Mwalimu wa Zamu (Tukuyu)

Wakuu, leo nilikuwa darasani. Nilichora safu tatu ubaoni, Unguja, Mombasa, Kilwa, nikaweka hoja zenu na pingamizi zenu, hata ile Z ya Kisima. Nikasoma ujumbe wa mzee Katekista. Wakabishana mpaka kengele ikalia, wengi wakaenda na Unguja, wachache Mombasa, vijana wawili wakang'ang'ania Kilwa.

Yule binti hakuchagua. Aliuliza tu kama kuna mtu aliyeandika watu waliofungwa mle walikuwa wanapaitaje.

#32 Mtafiti wa Ruaha (Iringa)

Mwalimu, mwambie kuta za Ngome Yesu zina michoro ya mkaa na udongo mwekundu, meli na watu, inayosemwa ni ya mikono ya mabaharia Wareno. Hao ni walinzi, si wafungwa. Lakini anatafuta mahali panapostahili kutafutwa. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba mle kuanzia 1958, mara tu jela ilipohamishwa, na kanisa la ndani msingi wake unaonekana hadi leo. Ningeanzia hapo.

#33 Msafiri wa Peramiho (Songea)

Mimi Jumanne napanda basi kwenda Lindi kwa mambo ya ukoo, na nitavuka hadi Kisiwani. Nitawauliza wazee wa pale kama wanayo habari yoyote ya kanisa kwenye lile Gereza, au kwao ni ngome tangu enzi na enzi. Mama Parachichi, niandikie unataka nipige picha upande gani wa ukuta.

#34 Mama Parachichi (Njombe)

Chini kabisa, upande wa bahari, pale mawe yanapobadilika. Na umuulize mama yeyote mzee kabla hujamuuliza mwongozaji.